Chai baridi ya sukari mgahawani: kuchemsha yote, kuzimua, kuloweka au unga wa paketi?

Mgahawa unaopakua pilau, biriani na kuku wa kuchoma mchana wa jua la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huhitaji kinywaji cha kukaa kati ya maji na soda. Juisi ya matunda ni nzuri, lakini bei ya embe na pasheni hupanda na kushuka kwa msimu, na juisi iliyobaki jioni haina wa kuinywa. Chai baridi yenye sukari haina msimu. Majani yanatoka Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara, Kericho na Nandi, sukari na ndimu zipo sokoni, na glasi moja hula chini ya gramu 2 za majani. Kinachowashinda wengi ni kuitengeneza kwa wingi kila siku bila ladha kubadilika, bila jagi kugeuka rangi ya tope, na bila mteja kurudi na malalamiko ya tumbo.

Njia zinazotumika kweli jikoni ni nne. Unaweza kuchemsha maji yote na kuipoza chai yote. Unaweza kutengeneza chai nzito kwa maji machache kisha ukaizimua kwa maji baridi na barafu. Unaweza kuloweka majani kwenye maji baridi usiku kucha ndani ya friji. Au unanunua unga wa paketi na kukoroga. Nitazilinganisha kwa kipimo kimoja cha lita 10, ambazo hutoa kama glasi 50 za mililita 300 ukianza kila glasi kwa theluthi ya barafu.

Niseme mapema ninakoegemea: kwa mgahawa wa kawaida, chai nzito ya kuzimua inazishinda nyingine, na mahali pazuri pa sukari ni kwenye shira iliyopikwa kando. Zipo hali ambazo ushauri huo haufai, nazo nitazitaja.

Wanakoinywa kila siku

Katika majimbo ya kusini ya Marekani chai baridi ya sukari ni kinywaji cha kila meza. Mapishi yake yalikwisha kuchapishwa Virginia mwaka 1879, na maonyesho ya dunia yaliyofanyika St. Louis mwaka 1904 yakaitangaza kwa umati mkubwa wa watu waliokuwa wakitafuta kinywaji cha baridi kwenye joto kali. Ukiketi katika mgahawa wa huko, mhudumu huuliza kama unataka yenye sukari au isiyo na sukari, na jikoni kuna mitungi miwili, mmoja wa kila aina. Sukari hutiwa chai ikiwa moto. Kipimo cha kawaida ni kati ya gramu 50 na 100 kwa lita moja, na hiyo ya juu inakaribia soda ya kola, ambayo ina gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100.

Mtindo wao wa mitungi miwili unafaa kuigwa. Kiwango chao cha juu cha sukari sikipendekezi. Mnywaji wa chai wa kwetu anayetia vijiko viwili katika kikombe cha mililita 200 anakunywa kama gramu 40 kwa lita. Kinywaji kikiwa baridi ulimi hausikii utamu sana, na barafu ikiyeyuka huongeza maji, kwa hiyo gramu 60 kwa lita zinatosha kabisa. Glasi yenye mililita 200 za chai inabeba gramu 12 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu yake. Mteja akinywa glasi mbili na chakula bado hujamjaza sukari ya siku nzima.

Majani na maji kwanza

Njia yoyote utakayochagua, majani mabaya na maji ya chumvi yataiharibu. Chai nyingi ya Kenya na Tanzania husindikwa kwa mtindo wa CTC, unaoikata na kuiviringa kuwa punje ndogo. Wanaonunua kwa magunia huijua kwa madaraja yake: BP1 ni punje kubwa kidogo, PF1 ni ndogo na ndiyo inayojaa kwenye vifuko vingi, na chini yake kuna vumbi. CTC hutoa rangi nyekundu na ukali ndani ya dakika chache, jambo linalopendeza sana kwenye chai ya maziwa. Kwenye chai baridi ukali huohuo una gharama yake. Chai ikipoa, kafeini na zile kemikali zinazoipa rangi na ukakasi hushikana, hazibaki tena zimeyeyuka, na jagi lililokuwa jekundu angavu linakuwa kama maji ya mvua barabarani. Ukungu huo wa rangi (si ule wa kuvu) hauna madhara kwa afya, lakini mteja anayeuona mezani hatakuuliza kemia, ataagiza soda.

Chai ya majani marefu yaliyoviringwa bila kukatwakatwa hupata ukungu huo kwa uchache, inabaki angavu na ukakasi wake ni mdogo. Bei yake kwa kilo iko juu na rangi yake ni hafifu. Kati ya hizo mbili, kwa mgahawa, nachagua BP1: inachujika kirahisi kuliko PF1 na haiachi vumbi chini ya jagi. Ukitumia vifuko, kimoja huwa na gramu 2 hivi, kwa hiyo vinne kwa lita moja ya chai iliyo tayari.

Kenya wanayo pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho. Ukiikamulia ndimu rangi yake hugeukia waridi. Kwa hoteli ya kitalii inayotaka kitu cha kupigwa picha, hiyo inastahili nafasi kwenye menyu. Kwa mgahawa wa wali na maharage, gharama yake hairudi.

Kuhusu maji, visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Chokaa huiharakishia chai ule ukungu, hufanya utando juu, na huiua ladha. Kama kisima chako kinaacha ukoko mweupe ndani ya birika, usikitumie kwa chai baridi hata uchemshe namna gani, maana kuchemsha kunaua vijidudu na kunapunguza chokaa kiasi tu, chumvi hakuigusi. Tumia maji ya mtungi au yaliyochujwa kwa chujio linaloondoa chumvi. Sufuria nayo iwe ya stili au ya enameli isiyobanduka. Chai ikigusana na chuma kilichoanza kutu huwa nyeusi na kupata ladha ya sarafu.

Njia nne kwa lita 10

| | Kuchemsha yote | Kuzimua | Kuloweka | Unga |
|---|---|---|---|---|
| Majani | gramu 80 | gramu 80 | gramu 100 hadi 120 | kama paketi inavyosema |
| Maji ya moto | lita 10 | lita 2.5 | hakuna | hakuna |
| Muda hadi mezani | saa kadhaa | nusu saa | saa 8 hadi 10 | dakika 5 |
| Nafasi ya friji | kubwa, baada ya kupoa | ya maji baridi tu | kubwa, usiku kucha | ndogo |
| Sukari iingie vipi | chai ikiwa moto | ikiwa moto, au shira | shira tu | ipo ndani |
| Mwonekano | hupata ukungu | angavu ukizimua vizuri | angavu sana | hutegemea paketi |

Jedwali hilo halisemi kila kitu, kwa hiyo nizieleze moja moja, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa kifupi kadiri zinavyostahili.

*Kuchemsha yote* ndiyo njia inayomjia kila mpishi kwanza, kwa sababu ni chai ya rangi ya asubuhi (Wakenya wataiita strungi) iliyoachwa ipoe. Ina usalama mmoja mkubwa: kila tone limepita kwenye moto. Lakini lita 10 za chai ya moto kwenye sufuria yenye kifuniko, katika jiko lenye joto la nyuzi 32, huchukua saa nyingi kupoa, na muda wote ule wa uvuguvugu ndio vijidudu wanaupenda. Huwezi kuiingiza friji ikiwa moto, maana itapasha nyama na maziwa yaliyomo. Na ikishapoa hupata ukungu.

Kuna jambo jingine linaloiangusha njia hii, nalo ni mazoea yetu. Tumezoea kuyachemsha majani pamoja na maji hadi yatokote, tena kwa muda mrefu, kwa sababu chai yetu ya maziwa inataka hivyo: protini ya maziwa huushika ule ukakasi na kuulainisha. Chai baridi haina maziwa. Ukiichemsha kwa kipimo cha chai ya maziwa, mteja atasikia ulimi umekaushwa, na jikoni wataongeza sukari kuficha, kisha itakuwa tamu na chungu kwa pamoja. Kwa chai baridi chemsha maji, zima moto, ndipo utie majani, funika, hesabu dakika 5 kwa kutazama saa, chuja. Majani yasibaki ndani hata kidogo, na usiyakamue kwenye kichujio.

*Kuzimua* kunatumia kanuni hiyohiyo kwa maji ya robo tu. Chemsha lita 2.5, zima, tia gramu 80 za BP1, funika dakika 5 na zisizidi 6, chuja kwa kichujio chenye matundu madogo au kitambaa safi cha chai. Kama unauza chai ya sukari peke yake, gramu 600 za sukari ziingie hapo hapo na kukorogwa hadi ziishe. Kisha mimina chai ile nzito ndani ya lita 6 za maji safi yaliyolala friji, na mwisho ongeza kilo moja na nusu ya barafu. Kwa hesabu ya joto, mchanganyiko huo unashuka hadi nyuzi 12 au 13 papo hapo. Ukitumia maji ya kawaida ya chumbani badala ya maji ya friji, utaishia kwenye nyuzi 26 hivi, ambayo si chai baridi, kwa hiyo maji ya friji ndiyo siri ya njia hii kufanya kazi haraka.

Ukungu nao unapungua, kwa sababu unaizimua chai ikiwa bado moto na zile kemikali zinatawanyika kabla hazijakutana. Chai nzito ukiiacha ipoe kwanza ndipo uizimue, itakuwa imeshapata ukungu. Hilo likitokea, kikombe kimoja au viwili vya maji yanayochemka hurudisha uangavu kwa muda.

Wapishi wa kusini mwa Marekani hutia pia chembe ya soda bikaboneti kwenye chai ya moto ili kukata ukakasi. Inafanya kazi, na huifanya rangi iwe nyeusi zaidi, lakini ikizidi kidogo tu chai inakuwa na ladha ya sabuni. Ukiheshimu zile dakika 5 hutaihitaji.

Je, gesi inaokoka? Inategemea. Ukinunua maji ya mtungi ya lita 20 au una chujio la kuaminika, unapasha lita 2.5 tu na akiba ni ya kweli. Ukitumia maji ya bomba, lazima hata yale lita 6 ya kuzimulia yachemshwe jana yake, na hapo gesi ni ileile. Ulichopata ni muda na uangavu. Usikubali mtu jikoni azimue kwa maji ya bomba yasiyochemshwa kwa hoja kwamba chai yenyewe ilichemka. Robo iliyochemka haiwezi kuzisafisha robo tatu ambazo hazikuchemka.

*Kuloweka* kunatoa chai nzuri kuliko zote kwa ulimi. Maji baridi hutoa ladha polepole na kuacha sehemu kubwa ya ukakasi na kiasi cha kafeini kwenye majani, kwa hiyo chai inatoka laini, angavu, na mtu anaweza kuinywa bila sukari kabisa. Majani marefu ndiyo yanayoonyesha uzuri wake. CTC ukiiloweka usiku kucha inakuwa kali na yenye vumbi; ikikulazimu, ichuje baada ya saa 5 au 6.

Upungufu wake ni kwamba hakuna moto uliopita popote. Majani hukaushwa kwa joto kali kiwandani, lakini baadaye yamepita kwenye magunia, mizani, mikono na kabati lako. Kwa hiyo maji yawe yamechemshwa na kupoa au ya chupa, chombo kiwe kimeoshwa kwa maji ya moto, na friji ibaki chini ya nyuzi 5 saa zote. Ikiwa mtaa wako umeme hukatika usiku na huna jenereta, njia hii iache. Asubuhi hutajua friji ilikuwa na joto gani saa tisa za usiku, na chai haitakuonyesha kwa harufu wala rangi. Kuna pia wanaoweka jagi juani wakidai jua la pwani linatosha kuiivisha. Jua hupasha maji hadi uvuguvugu wa kuwalea vijidudu, halifiki kwenye joto la kuwaua. Hiyo usiifanye kwa chakula cha kuuza.

*Unga wa paketi* una sehemu yake: mkahawa wa kwenye stendi ya mabasi, kantini isiyo na jiko, sherehe ya ghafla. Soma mpangilio wa viambato nyuma ya paketi. Kwa kawaida sukari ndiyo ya kwanza, maana yake ndiyo nyingi kuliko vyote, kisha tindikali ya ndimu na ladha, na chai yenyewe iko chini kabisa. Ladha haibadiliki, mfanyakazi mpya hakosei, na ndipo sifa zake zinapoishia. Katika nchi zinazouza chai duniani kote, kumpa mteja unga wenye harufu ya ndimu na kuuita chai ni kumpunja.

Sukari: ndani ya mtungi au kando?

Maji baridi yanaweza kubeba sukari nyingi sana, karibu kilo mbili kwa lita, kwa hiyo si kweli kwamba hayaiyeyushi. Ila huiyeyusha polepole mno kwa mteja mwenye njaa. Atakoroga, punje zitazama chini ya barafu, ataongeza kijiko kingine, na mwisho atakunywa chai kavu juu na sukari tupu chini. Kuweka bakuli la sukari mezani kwa chai baridi ni kupoteza sukari.

Wanaobaki kushindana ni wawili. Sukari iliyokolezwa ndani ya mtungi wote ni nafuu kwa kazi: mhudumu anamimina, basi. Inafaa pale wateja karibu wote wanataka tamu na foleni ni ndefu. Shira inahitaji hatua moja zaidi, lakini mtungi wako mmoja unawahudumia wote: mwenye kisukari, anayejibana na uzito, mtoto anayetaka tamu zaidi. Kwa kuwa wagonjwa wa kisukari wapo karibu katika kila familia sasa, mgahawa usio na chai isiyo na sukari unamrudisha mmoja kati ya watu wa meza kwenye maji.

Shira hii ni nyepesi kuliko ile ya kaimati. Kilo moja ya sukari na lita moja ya maji, pasha hadi ziyeyuke na zichemke kidogo, epua. Unapata kama lita 1.6. Kipimo cha mililita 20 kina gramu 12 hivi za sukari, ile ile ya glasi yetu. Nunua kikombe kidogo cha kupimia cha mililita 20 kikae kwenye chupa ya shira, ili mhudumu wa mchana na mwenzake wa zamu ya jioni wasitofautiane. Ihifadhi friji katika chupa iliyochemshwa, itakaa wiki mbili bila shida. Ukiona utando au povu, mwaga.

Asali ina ladha yake nzito inayoifunika chai, na kwenye baridi hugoma kuchanganyika. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu kwa nusu, na uitoze bei yake. Sukari guru huipa chai rangi ya udongo na ukungu. Kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi naipenda sana. Hapa sivyo.

Viungo viingie wakati wa chai nzito, pamoja na majani: mchaichai uliopondwa, vipande vya tangawizi, punje chache za iliki. Punguza hadi nusu ya unavyotia kwenye chai ya moto, kwa sababu tangawizi huendelea kukolea mtungini. Ndimu isiingie mtungini kamwe. Tindikali yake huififisha rangi ya chai nzima, na maganda yakilala ndani yanaleta uchungu. Kipande kimoja kwenye mdomo wa glasi, mteja akamue mwenyewe.

Nani achague nini

Mama ntilie au hoteli ya mtaani yenye friji moja na wateja wa mchana: zimua, lita 5 saa tano asubuhi na nyingine 5 saa saba na nusu ukiona zinaisha. Sukari ndani, lakini weka jagi moja kando kabla hujaitia. Mgahawa wa kati wenye wahudumu, menyu na wateja wa ofisini: zimua, bila sukari, shira kando. Hoteli ya kitalii Zanzibar, Diani au Arusha yenye friji za uhakika na jenereta: loweka majani marefu kwa ajili ya meza, na uwe na chai ya kuzimua kwa siku za makundi makubwa. Anayeuza kwa ndoo kwenye harusi ya watu 300 achemshe yote usiku uliotangulia kwa sufuria ndogondogo, azipoze kwenye beseni la maji na barafu, kisha azijaze kwenye madumu yaliyooshwa kwa maji ya moto. Hapo ndipo ule usalama wa kila tone kupita motoni unashinda hoja zangu zote za uangavu.

Jagi au mtungi wa koki

Mtungi wa koki unapendeza kwenye kaunta, mteja anaona rangi, mhudumu hainamishi kitu. Lakini koki ndiyo sehemu chafu kuliko zote katika biashara hii. Marekani, mamlaka za afya ziliwahi kutoa tahadhari katika miaka ya 1990 baada ya chai baridi za migahawani kukutwa na bakteria wa jamii ya zile za kinyesi, na lawama ziliangukia mitungi na koki zisizofunguliwa kuoshwa na chai iliyotengenezwa kwa maji yasiyo moto wa kutosha. Ushauri uliofuata ni rahisi kuukumbuka: maji ya kutengenezea yafike nyuzi 90 na zaidi, majani yakae humo angalau dakika 3 hadi 5, chai isikae nje ya friji kwa muda unaozidi saa 8, na usiongezee chai mpya juu ya masalia ya zamani.

Kama hakuna mtu jikoni mwenye jukumu la kuifungua koki kila usiku, kuisugua kwa brashi nyembamba na kuitia maji ya moto, tumia majagi ya lita 2 yenye kifuniko na uyaweke friji. Jagi huoshwa lote kwa sponji, halina pa kujificha uchafu. Mimi ningeanza na majagi, na mtungi ningeununua baada ya kuona mauzo yanaulazimu.

Kuhusu barafu, iliyotengenezwa jikoni kwa maji yaliyochemshwa inaishinda ile ya mifuko ambayo huijui ilikotoka. Kugandisha hakuui vimelea vya kipindupindu, kwa hiyo chai iliyochemshwa kwa uangalifu wote huweza kuchafuliwa na kipande kimoja cha barafu ndani ya glasi. Itolewe kwa kijiko chenye mpini, isichotwe kwa glasi wala kwa mkono. Ukiwa na freza yenye nafasi, gandisha pia trei chache za chai yenyewe, iliyo fresh na isiyo na sukari, kwa wale wanaokaa mezani muda mrefu. Ikiyeyuka haizimui kinywaji. Wateja wa haraka wape barafu ya maji, na kwa hao chai ya gramu 8 kwa lita inatosha. Ukijaza glasi barafu hadi juu, panda hadi gramu 10.